Kujiandaa Mwenyewe kwa LSAT Ukiwa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi tena na tena kutoka kwa watu wa Mwanza, Bukoba, Musoma na Geita wanaotaka kufanya LSAT bila tuisheni. Yanaanza na ya msingi, yanaishia kwa wenye hali za pekee. Kama mtihani wenyewe unaujua tayari, ruka sehemu ya kwanza.

## Mambo ya kuanzia

LSAT ni mtihani gani hasa?

Ni mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada. Unasimamiwa na LSAC, baraza la vyuo hivyo, na ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Hauulizi sheria hata kidogo. Hakuna kesi ya kukariri wala kifungu cha katiba. Unapima kama unaweza kusoma Kiingereza kizito bila kupoteza uzi, na kama unaona mahali hoja ya mtu inapokatika. Ndiyo maana mwalimu wa fizikia au nesi anaweza kumpita mhitimu wa sheria, na ndiyo maana unaweza kujiandaa mwenyewe: hakuna siri inayofundishwa darasani tu.

Nataka kusoma sheria SAUT au UDSM. Nahitaji LSAT?

Hapana. Shahada ya sheria hapa nchini inaombwa kwa sifa za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), yaani ufaulu wako wa kidato cha sita au stashahada, na baadaye mafunzo ya vitendo yanafanyika Law School of Tanzania. LSAT haimo kabisa kwenye njia hiyo. Ukienda Uingereza, vyuo kama Oxford na UCL vinatumia mtihani mwingine, LNAT, wenye muundo wake. Mazoezi ya hoja yaliyo hapa chini yatakufaa na huko, lakini usilipie mtihani usiouhitaji.

Nina LLB (shahada ya kwanza ya sheria) tayari. Bado nahitaji LSAT?

Inategemea unaomba nini. Ukiomba LLM, shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, vyuo vingi havitaki LSAT. Vinataka matokeo yako ya chuo, barua za wanaokufahamu kitaaluma, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS. Ukiomba JD, ile ya miaka mitatu inayoandaa watu kuwa mawakili wa Marekani, basi LSAT ndiyo njia ya kawaida. Vyuo kadhaa vya Marekani vinakubali pia GRE, mtihani wa jumla wa kuombea masomo ya juu. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo unachokitaka kabla hujafungua kitabu chochote.

Mtihani una sehemu ngapi?

Nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya pili. Mbili ni za kuchambua hoja fupi fupi, maswali 24 hadi 26 kila moja. Moja ni ya ufahamu wa kusoma, maswali 26 hadi 28 juu ya matini nne; moja kati ya hizo nne ni matini mbili fupi zinazolinganishwa. Sehemu iliyobaki ni ya majaribio ya watungaji. Haihesabiwi kwenye alama zako, ila hutaambiwa ni ipi, kwa hiyo zote nne zifanye kwa uzito uleule.

Kila swali lina majibu matano, na jibu baya halikupunguzii kitu. Usiache swali tupu hata kama unabahatisha. Kando ya hizo kuna insha, ambayo ina swali lake sehemu ya usajili.

Alama zinahesabiwaje, na nzuri ni ipi?

Skeli inaanzia 120 na kuishia 180. Mtahiniwa wa katikati yuko mwanzoni mwa 150. Kwa vyuo kama Yale na Harvard, alama ya kati ya wanaoingia iko juu ya 170.

Lakini nzuri ni ile inayokutosha wewe. Kila chuo kilichoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, kinatakiwa kutangaza kila mwaka taarifa inayoitwa 509. Humo utakuta alama za LSAT za robo ya chini, za katikati na za robo ya juu kwa wanafunzi walioingia, pamoja na wangapi walipewa punguzo la ada na kiasi gani. Pakua taarifa za vyuo vyako, uandike alama zao za kati kwenye karatasi. Hilo ndilo lengo lako. Usiliazime kwa mtu wa mtandaoni.

Nimesikia kuna sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti. Niisome?

Iliondolewa kuanzia mtihani wa Agosti 2024. Mtu akikuuzia masomo ya sehemu hiyo leo, anakuuzia kitu ambacho hakitakuja.

## Vitabu, vifaa na mahali

Mitihani halisi ya zamani nitaipata wapi?

LawHub, mtandao wa LSAC wenyewe. Ukifungua akaunti ya bure unapata mitihani kadhaa kamili, katika muonekano uleule utakaoukuta siku yenyewe: saa inayohesabu kurudi nyuma, kalamu ya kuwekea rangi, kitufe cha kufuta jibu ulilolikataa. Ukilipia unapata mingi zaidi. Anza na ya bure. Kuna watu wanaolipia mwanzoni kabisa, kisha miezi inapita hawajamaliza hata ile ya bure.

Maswali yaliyotungwa na makampuni ya mafunzo yasikupotezee muda. Hoja za LSAT zimepimwa neno kwa neno, na maswali ya kuiga mara nyingi yana majibu mawili yanayobishaniwa. Ukijifunzia hapo unazoea kubishana na mtihani badala ya kuusoma.

Nimepewa vitabu vya mitihani ya miaka ya nyuma. Vinafaa?

Vinafaa sana ukijua cha kuruka. Ruka sehemu ya mafumbo. Sehemu za hoja na ufahamu zitumie zote. Vitabu vya kabla ya Juni 2007 havina matini mbili za kulinganisha, kwa hiyo zoezi hilo lichukue kwenye mitihani mipya.

Kwenye kundi la WhatsApp wanagawa madesa ya mitihani. Nichukue?

Achana nayo. Maudhui ni mali ya LSAC, na kusambaza maswali ni kosa linaloweza kuandikwa kwenye rekodi yako, rekodi ambayo vyuo vya sheria vitaisoma. Unaomba kuingia taaluma inayouliza tabia yako kabla ya kukupa leseni. Zaidi ya hapo, madesa mengi yana majibu yaliyokosewa, na mtu anayejisomea peke yake hana wa kumwambia kwamba jibu la kwenye faili ndilo baya, siyo lake.

Nina simu tu. Naweza?

Kusoma matini ndefu na kupitia makosa, ndiyo. Mtihani mzima wa majaribio, hapana. Macho yanatakiwa yazoee kioo kikubwa, na vidole vizoee kuweka rangi na kufuta. Azima kompyuta mpakato ya ndugu au rafiki kwa siku ya mtihani wa majaribio, hata kama ni mara moja kwa wiki mbili. Mitihani inahitaji intaneti, kwa hiyo pangilia bando lako likuzidie siku hiyo, lisikukatikie katikati ya sehemu ya tatu.

Nisomee wapi hapa Mwanza? Nyumbani ni kelele na umeme unakatika.

Maktaba ya Mkoa ni tulivu asubuhi. Ukiwa mwanafunzi, maktaba ya chuo chako ni bora zaidi. Anayekaa Igoma, Buzuruga au Buhongwa na kufanya kazi mjini anaweza kubaki ofisini saa moja baada ya kazi, msongamano wa daladala ukipungua. Saa hiyo moja ya kila siku inazidi Jumapili nzima ya kusoma ukiwa umechoka.

Umeme usiwe sababu ya kuahirisha. Sehemu moja ni dakika 35, na betri inayoshika chaji itakufikisha. Chaji kila umeme unapokuwepo, na weka karibu kazi isiyohitaji kompyuta: kuandika upya makosa yako kwenye daftari. Kelele za wastani nazo usizikimbie kila mara, maana hata kituo cha mtihani kina watu wanaokohoa na viti vinavyolia.

## Namna ya kujisomea

Nahitaji miezi mingapi?

Kwa mtu mwenye kazi au masomo mengine, miezi sita ni makadirio ya haki. Mwenye muda mwingi na Kiingereza kilichokomaa anaweza kutumia mitatu au minne. Chini ya hapo ni wachache. Mtihani huu haukaririki kwa kupiga msuli wiki mbili za mwisho kama tulivyozoea mitihani ya shule. Unabadilisha namna unavyosoma sentensi, na hilo linakwenda polepole.

Wiki ya kwanza nifanye nini?

Fanya mtihani mmoja mzima bila maandalizi, kwa muda halisi. Alama itakuwa ndogo. Iandike, uiweke. Kazi yake ni kukuonyesha umbali uliopo kati yako na ile karatasi ya alama za vyuo vyako. Baada ya hapo, kwa wiki kadhaa, sahau saa kabisa. Fanya maswali machache kwa siku bila kuhesabu muda, mpaka uweze kueleza kwa sauti kwa nini jibu moja ni sahihi na kwa nini kila moja ya yale manne ni baya.

Swali la hoja linafananaje? Nipe mfano.

Huu ni mfano wa kutunga, kwa Kiswahili, lakini umbo lake ni la mtihani wenyewe:

Mwaka huu wavuvi wengi wa dagaa wa Ukerewe wameacha karabai na kuchukua taa za sola. Dagaa walioshushwa Mwaloni Kirumba mwaka huu ni wengi kuliko mwaka jana. Kwa hiyo taa za sola huvuta dagaa kuliko karabai.

Lipi kati ya haya, likiwa kweli, linaidhoofisha hoja hiyo zaidi?

(A) Taa za sola zina bei kubwa kuliko karabai.
(B) Wavuvi waliobaki na karabai nao wamepata ongezeko sawa na la wenye sola.
(C) Wavuvi kadhaa wa Musoma hawajaanza kutumia sola.
(D) Dagaa wa Mwaloni huuzwa hadi nje ya nchi.
(E) Waliochukua sola wanasema wanaipenda kuliko karabai.

Kabla ya kugusa majibu, tafuta hitimisho. Ni sentensi ya mwisho: sola huvuta zaidi. Kisha uliza limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja. Mwandishi ameruka kutoka “yametokea pamoja” hadi “moja limesababisha lingine”. Huo mruko ndio unaotakiwa kuupiga.

Sasa majibu. (A) inazungumzia bei, na hoja haikusema kitu kuhusu bei. (C) inatupeleka Musoma, wakati hoja ni ya Ukerewe. (D) ni habari ya soko. (E) ndiyo mtego, kwa sababu inanukia kama inahusu ubora wa sola, lakini mtu kupenda taa si dagaa kuvutwa nayo; tena kama ina uzito wowote, inasaidia hoja badala ya kuiangusha. (B) inabaki: kama na wenye karabai wamepata ongezeko lilelile, basi kuna kitu kingine kilicholeta dagaa, na sola imepoteza sifa iliyopewa.

Ukigeuza swali liwe “lipi linaiimarisha”, jibu lingekuwa kinyume cha (B): waliobaki na karabai hawakupata ongezeko lolote. Jizoeze kugeuza hivyo kila swali ulilomaliza. Swali moja linakuwa mawili, na bando halijatumika.

Nafanya mitihani mingi lakini alama imeganda. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara tatizo ni kwamba unafanya mingi na kupitia kidogo. Mtihani wa majaribio unakupima. Kinachokufundisha ni kuupitia baada ya kumaliza. Ukitumia saa mbili na nusu kuufanya, tumia angalau muda kama huo kuupitia, na usifungue mwingine kabla hujamaliza.

Weka daftari la makosa. Siyo la kuandika “swali la 14, jibu ni C”. Kwa kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, andika kwa maneno yako hoja ilikuwa inasema nini, kilichokuvuta kwenye jibu baya, na neno gani kwenye jibu sahihi lilikufanya ulikatae. Hicho cha mwisho ndicho chenye dhahabu. Baada ya kurasa chache utaanza kuona kwamba makosa yako ni aina mbili au tatu zinazojirudia. Mmoja hukataa kila jibu lenye lugha ya tahadhari. Mwingine huchagua jibu ambalo ni kweli duniani lakini matini haikulisema; hili linawapata sana watu waliosoma, kwa sababu wanajua mambo mengi.

Kabla ya kutazama majibu, rudia bila saa yale maswali uliyokuwa na wasiwasi nayo. Ukiyapata safari hii, shida yako ni muda. Ukiyakosa tena, shida ni uelewa, na kukimbia zaidi hakutakusaidia.

Maswali ya masharti yananichanganya. Nifanyeje?

Chukua kanuni hii: hakuna anayepanda kivuko cha Kamanga bila tiketi. Ukimwona mtu yuko ndani ya kivuko, una hakika ana tiketi. Ukijua hana tiketi, una hakika hajapanda. Lakini ukimwona na tiketi mkononi, huna hakika ya lolote. Anaweza kuwa bado anasubiri nje. Na ukijua hajapanda, huwezi kusema kama ana tiketi au hana. Mambo mawili yana hakika, mawili hayana, na majibu mengi mabaya ya LSAT yanatoka kwenye yale mawili yasiyo na hakika.

Kwenye Kiingereza cha mtihani, kanuni kama hii hujificha nyuma ya unless, only if, only na without. Kila ukiyakuta, simama, iandike upya kwa umbo la “kama hivi, basi vile”, ndipo uendelee. Some nayo maana yake ni angalau mmoja, na haikatazi kuwa wote. Most ni zaidi ya nusu, na pia haikatazi kuwa wote. Mazungumzoni hatuyatumii hivyo, kwenye mtihani ndivyo yalivyo.

Kiingereza changu ni cha shule. Nitaiweza sehemu ya ufahamu?

Unaweza, lakini ndiyo itakayochukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo ianze mapema kuliko zote. Matini zinatoka kwenye sheria, sanaa na fasihi, sayansi ya jamii na sayansi asilia. Msamiati wa kitaalamu hueleweka humo humo. Kinachowaangusha watu ni sentensi ndefu zenye sauti nyingi: mwandishi anaeleza wanachosema wengine, anakubali nusu, anakataa nusu, na msomaji anaishia kudhani maoni ya wengine ni ya mwandishi.

Dawa yake tunayo bure. TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, ina hukumu za mahakama zetu, nyingi zikiwa kwa Kiingereza, na hukumu ni matini ya namna hiyo hasa: madai ya huyu, majibu ya yule, kisha mahakama inachambua. Tafuta shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu hapahapa Mwanza mwaka 1990, mbele ya Jaji Mwalusanya. Holaria Pastory alirithi shamba kutoka kwa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alipinga kwa kutegemea mila za Kihaya zilizomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa, Mahakama ya Wilaya ikampa Holaria, na Jaji Mwalusanya akaona kwamba katazo hilo ni ubaguzi usiopatana na haki zilizomo kwenye Katiba.

Isome ukiwa na penseli. Pembeni ya kila aya andika ni sauti ya nani inayosema: mila, mdai, mdaiwa, mahakama nyingine, au jaji mwenyewe. Halafu ifunge, na useme kwa sentensi tatu swali lilikuwa nini, jaji alijibu nini, na sababu yake kubwa ni ipi. Ukifanya hivyo na hukumu mbili kwa wiki, pamoja na makala za sayansi kwa Kiingereza, matini za LSAT zitaanza kuonekana fupi. Nasisitiza zoezi hili kuliko kozi yoyote ya kulipia, kwa sababu linakujenga pia kwa kazi unayoiendea.

Muda haunitoshi. Nisome haraka?

Hapana, soma mara moja vizuri. Kwenye hoja una kama dakika moja na sekunde 24 kwa swali. Kwenye ufahamu, kama dakika nane na robo tatu kwa kila matini pamoja na maswali yake. Wanaochelewa wengi hawasomi polepole. Wanasoma mara tatu kwa sababu mara ya kwanza hawakutafuta hitimisho, au wanakwama dakika nne kwenye swali moja kwa hasira. Likikugomea, chagua jibu, liwekee alama, songa. Maswali ya mwanzo wa sehemu ya hoja kwa kawaida ni mepesi kuliko ya mwishoni, yavune kwanza.

Ni lazima nipate mwenzangu wa kusoma naye?

Si lazima, ila mmoja anayekulazimisha kueleza jibu kwa sauti anafaa sana, hata kama hafanyi mtihani. Mdogo wako wa kidato cha nne anatosha.

## Usajili, ada na siku ya mtihani

Itanigharimu kiasi gani?

Ada ya mtihani wenyewe ni karibu dola 250, na inapanda mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya LSAC. Vyuo vingi vya Marekani vinataka pia huduma ya LSAC ya kukusanya na kuthibitisha matokeo yako ya chuo, ambayo ni zaidi ya dola 200 peke yake. Malipo ni kwa kadi, basi mapema uliza benki yako kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje. Nakala za matokeo zinatakiwa zitumwe na chuo ulichosoma, siyo na wewe. Ofisi ya msajili ifuatilie miezi kabla.

Usajili unafungwa saa ngapi kwa saa zetu?

Tarehe ya mwisho inahesabiwa kwa saa za New York, saa 5:59 usiku. Majira yao ya joto, hapa ni saa 12:59 asubuhi ya siku inayofuata. Majira yao ya baridi inasogea hadi saa 1:59 asubuhi. Na unapochagua muda wa mtihani, kumbuka saa inaandikwa kwa mtindo wa kizungu: 2:00 PM ni saa nane mchana, si saa mbili. Mtu anaweza kuukosa mtihani aliousomea nusu mwaka kwa jambo hilo tu.

Naweza kuufanyia nyumbani?

Kwa miaka kadhaa iliwezekana kwa wengi, chini ya usimamizi wa kamera. LSAC imetangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 mtihani utafanyika vituoni, isipokuwa kwa wenye sababu maalumu zilizokubaliwa. Angalia orodha ya vituo kabla ya kulipa. Ukilazimika kwenda Dar es Salaam au Nairobi, fika angalau siku moja kabla. Basi la usiku kutoka Nyegezi na mtihani asubuhi ni njia ya kuzitupa alama zako.

Nije na kitambulisho gani?

Pasipoti iliyo hai. Jina kwenye akaunti yako lifanane nayo herufi kwa herufi. Kama cheti chako cha shule kina Msoma na pasipoti ina Musoma, rekebisha mapema.

Insha inakuwaje?

Inafanyika kando, kwenye kompyuta, kwa dakika 50: 15 za kusoma mitazamo uliyopewa na kupanga, 35 za kuandika. Haina alama, ila vyuo vinaisoma, na kama hujawahi kuifanya hutapewa matokeo yako. Chukua msimamo mmoja, utetee, jibu upande wa pili kwa heshima. Msamiati wa kujionyesha hauna kazi hapo.

## Hali za pekee

Naruhusiwa kuufanya mara ngapi?

Mara tano ndani ya miaka mitano ambayo matokeo yanatumika, na mara saba maishani. Vyuo huona matokeo yote, lakini vingi huangalia ya juu kuliko yote.

Nina uoni hafifu. Kuna msaada?

Upo: muda wa ziada, maandishi makubwa, kisomaji cha skrini na mengine kulingana na hali. Omba mara tu unapojisajili, ukiwa na taarifa ya daktari inayoeleza hali na hitaji. Kuwa Kiingereza si lugha yako ya kwanza hakuhesabiwi hapa. Hakuna muda wa ziada kwa hilo.

Niko kidato cha sita. Nianze sasa?

JD inataka shahada ya kwanza, ya fani yoyote. Mtihani wenyewe usubiri, kwa kuwa matokeo yana umri. Kusoma matini ngumu anza leo. Tazama swali la Kiingereza cha shule.

Sina fedha za Marekani. Kuna maana ya kujaribu?

Hapa ndipo alama zinapofanya kazi kubwa. Mikopo ya serikali ya Marekani si ya wageni, lakini vyuo vyenyewe hutoa punguzo la ada, na LSAT ina uzito mkubwa kwenye uamuzi huo. Alama zilizo juu ya ile ya kati ya chuo zinaweza kukupa punguzo ambalo chuo chenye jina kubwa zaidi hakitakupa. Rudi kwenye taarifa ya 509, tazama safu ya misaada, na uombe pia vyuo ambavyo uko juu ya alama yao ya kati. Msamaha wa ada ya mtihani umelengwa kwa raia na wakazi wa huko, usiupangie bajeti.

Nikirudi na JD nitakuwa wakili hapa?

Si moja kwa moja. Shahada ya nje hupitia TCU kutambuliwa, kisha kuna masharti ya kuingia uwakili hapa nchini. Waandikie Law School of Tanzania kabla ya kuondoka, upate majibu kwa maandishi.

Nimepata alama ndogo kuliko majaribio yangu. Nifanye tena au nitume?

Linganisha na wastani wa majaribio yako matatu ya mwisho, siyo na lile bora. Tofauti ya alama mbili tatu ni ya kawaida, na kurudia bila kubadilisha kitu hakutaleta jipya. Kama pengo ni kubwa na unajua sababu (homa, safari, sehemu moja iliyokuvuruga), jisajili tena ukiwa na miezi miwili ya kufanyia kazi daftari la makosa. Vyuo vingi hufungua maombi Septemba na kujaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo mtihani wa Januari au Februari unakuweka nyuma ya foleni ya nafasi na ya punguzo la ada. Ikiwa umefika huko, mara nyingi ni afadhali kufanya mtihani wa Aprili au Juni na kuomba Septemba inayofuata.